Hesabu ya hewa ukaa ya mafuta inapokataa: anzia kwenye lita

Kampuni ina malori kadhaa, jenereta mbili, forklifti ya bohari na jiko la kantini. Mteja wa nje ametuma fomu: mwaka jana mlitoa tani ngapi za hewa ukaa? Mhasibu anajumlisha risiti, anazidisha, anapata jibu, anatuma. Baadaye mkaguzi anauliza swali moja tu na jibu lote linayumba. Mwongozo huu ni wa saa hiyo, pale jibu lipo, lina kasoro, na hujui kasoro imekaa wapi.

Kabla ya kushika kikokotoo, ondoa picha ya mtu anayebandika kipimo kwenye eksozi. Hewa ukaa ya mafuta hukokotolewa kutokana na mafuta yenyewe, kwa sababu kaboni iliyoingia kwenye injini ndiyo itakayotoka. Lita ya dizeli ina uzito wa kilo 0.84 hivi, na karibu asilimia 87 ya uzito huo ni kaboni, yaani kilo 0.73. Kila kilo 12 za kaboni zikiungua hushika kilo 32 za oksijeni na kuwa kilo 44 za hewa ukaa. Zidisha 0.73 kwa 44, gawa kwa 12, unapata kilo 2.68. Watu hubisha sana hapa: lita haifiki hata kilo moja, itatoaje kilo mbili na zaidi? Uzito uliozidi ni oksijeni, nayo injini imeivuta kutoka hewani. Miongozo ya 2006 ya IPCC, jopo la kimataifa la tabianchi, hufika mahali palepale kwa njia ya nishati: kilo ya dizeli ina megajuli 43, na kila gigajuli (megajuli 1,000) hutoa kilo 74.1 za hewa ukaa.

Kemia hiyo haina ugomvi. Hesabu ikikataa, ama kizidisho ulichochukua (namba ya kilo za hewa ukaa kwa kila lita au kilo ya mafuta) si cha kitu ulichopima, ama lita ulizoandika si lita ulizochoma. Kosa la kizidisho hupatikana kabla chai haijapoa. Kosa la lita ndilo linalokula wiki, na ndilo watu wengi hulikwepa kwa kuendelea kubishana kuhusu vizidisho.

Kipimo cha kwanza: kilo kwa lita

Chukua jumla ya kilo za hewa ukaa za dizeli peke yake, gawa kwa jumla ya lita za dizeli. Ukipata kati ya 2.6 na 2.7, kizidisho kiko sawa. Ruka sehemu hii. Ukipata kitu kingine, namba yenyewe itakuonyesha ilikotoka.

Ukipata 10.2, umechukua kizidisho cha Marekani. Shirika lao la mazingira, EPA, hutoa kilo 10.21 kwa galoni, na galoni yao ni lita 3.785. Gawa na utarudi kwenye 2.7. Angalia pia usije ukagawa kwa 4.546, maana hiyo ni galoni ya Kiingereza.

Ukipata 0.73, umehesabu kaboni badala ya hewa ukaa. Mtu alisahau ile 44 kwa 12. Kosa hili huja zaidi kwenye majedwali ya zamani yanayoandika "tani za kaboni", na linapunguza jibu hadi karibu robo, kwa hiyo mwenye kampuni hufurahi na hakuna anayeuliza.

Ukipata 2.3, dizeli imezidishwa kwa kizidisho cha petroli (2.27 hivi). Tazama kama kuna magari madogo ya ofisi yaliyochanganywa kwenye safu moja na malori.

Ukipata 2.5, huenda umetumia jedwali la serikali ya Uingereza, mstari wa dizeli ya kawaida ya vituoni kwao. Dizeli ile imechanganywa na mafuta ya mimea, na sehemu hiyo ya mimea hutolewa kwenye hesabu kuu. Kama dizeli unayonunua haikuchanganywa, chukua mstari wa dizeli asilia tupu kwenye jedwali hilohilo. Uko mistari michache tu chini yake.

Ukipata 3.2 kuna njia mbili, na hapa inabidi uulize. Huenda ulizidisha lita kwa kizidisho cha kilo: kilo moja ya dizeli hutoa kilo 3.19, na aliyeandika jedwali alidhani utapima kwa uzito. Hilo ni kosa. Au kizidisho kimejumlisha pia hewa ukaa ya kuchimba, kusafisha na kusafirisha mafuta kabla hayajafika kwako. Hilo si kosa. Kiwango cha ISO 14083 cha 2023, kinachohusu usafirishaji, kinataka hivyo. Lakini ukiweka namba hiyo kwenye fungu la kwanza la GHG Protocol (kanuni za kimataifa za kuripoti gesi hizi), lile la mafuta uliyochoma mwenyewe, umechanganya mambo. Ya kabla ya tanki lako huandikwa fungu la tatu.

Na ukipata namba iliyozidi au kupungua mara elfu hasa, usitafute kemia. Ni nukta na mkato. Mfumo wa uhasibu uliowekwa kwa mtindo wa Kifaransa, kama inavyotokea kwa wenye ofisi Lubumbashi, huandika sehemu za lita kwa mkato pale ambapo Dar es Salaam wanaweka nukta, na Excel haiulizi.

Tani ziko juu kuliko kazi iliyofanyika

Kilo kwa lita ni sawa, ila jumla inatisha. Kipimo cha pili: gawa lita za malori kwa kilomita, zidisha kwa 100. Semi-trela iliyobeba mzigo kamili kwenye njia ndefu kama ya Dar es Salaam hadi Lusaka hutegemewa kula kati ya lita 35 na 50 kwa kilomita 100, kutegemea mzigo, mlima na mkono wa dereva.

Ikitoka 80 au 90, sababu ninayoishuku kabla ya zote ni kuhesabu mara mbili. Kampuni yenye tanki lake uani hununua lita kwa wingi, ankara inaingia kwa mhasibu. Kisha mtunza stoo naye anaandika kila lori lilipojaza kutoka tanki hilohilo, na daftari lake linaingia kwenye faili. Lita ileile imehesabiwa ikiingia na ikitoka. Chagua mlango mmoja. Mimi huchagua manunuzi kwa ajili ya jumla, na daftari la stoo kwa ajili ya kugawa jumla hiyo kati ya malori, jenereta na mengineyo.

Sababu ya pili ni kilomita pungufu. Odomita ya lori moja imekufa tangu Machi na hakuna aliyeripoti, au lori lilipelekwa gereji na kubadilishiwa dashibodi. Kama una kifaa cha GPS, linganisha lori kwa lori badala ya jumla kwa jumla, kwa sababu lori moja bovu hujificha vizuri sana ndani ya wastani.

Ya tatu kila mtu anaijua na hakuna anayependa kuiandika: mafuta yaliyofyonzwa. Dalili yake ni lori moja au njia moja kula lita tano hadi kumi zaidi ya wenzake, safari hadi safari, bila mzigo kuzidi. Kwa upande wa hewa ukaa swali ni gumu kidogo, maana lita ile haikuungua kwenye injini yako; imeungua kwenye ya mtu mwingine. Ushauri wangu ni kuiacha ndani ya hesabu mpaka wizi uwe umethibitishwa kwa maandishi, kwa tarehe na kiasi. Ukianza kutoa lita kwa kukisia tu, mkaguzi atauliza kwa nini usitoe zaidi, na hutakuwa na jibu.

Tani ziko chini mno

Lita 20 kwa kilomita 100 kwa semi iliyosheheni haiwezekani. Risiti hazijafika.

Mara nyingi ni zile za ng'ambo ya mpaka. Lori limejaza Dar, limevuka Tunduma, limeongeza Zambia, na kama linakwenda Kongo limeongeza tena, pengine kwa madumu kando ya barabara. Risiti za Dar zinaonyesha lita, zile nyingine zinaonyesha kwacha au faranga, na zile za madumu hazipo kabisa. Mhasibu anaingiza zenye lita na kuacha nyingine.

Hata za nyumbani si zote za kuaminika. Risiti ya mashine ya EFD ina lita, bei na mara nyingi namba ya gari. Ya mkono inategemea nani alikuwa pampu. Ukisikia mhudumu akimuuliza dereva, "Kaka, nikuandikie ngapi?", basi umejua uzito wa karatasi ile. Angalia pia kama pampu ina stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huu.

Pale risiti inapokuwa na fedha bila lita, gawa kwa bei ya siku ile na mahali pale. Hapa watu huchukua bei moja ya mwaka mzima, na kosa linakuwa kubwa kuliko wanavyodhani. Tanzania, mdhibiti wa nishati EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na bei ya Dar si ya Mbeya wala ya Kigoma kwa sababu ya gharama za kusafirisha. Kenya, mdhibiti wao EPRA hubadilisha katikati ya mwezi, kwa hiyo risiti ya tarehe 10 na ya tarehe 20 za mwezi uleule zinaweza kuwa na bei mbili. Tuseme shilingi 300,000: kwa bei ya 3,000 ni lita 100, kwa bei ya 2,700 ni lita 111. Tofauti ya asilimia 11, na mafuta ni yaleyale.

Mwezi mmoja umepanda ghafla, unaofuata umeshuka

Umehesabu kilichonunuliwa badala ya kilichochomwa. Tanki limejazwa tarehe 30 Desemba, mafuta yameungua Januari. Fomula ni ya stoo yoyote: kilichokuwepo mwanzo, jumlisha kilichonunuliwa, toa kilichobaki mwisho. Kwa mwaka mzima tofauti hii huwa ndogo, lakini kwa ripoti ya robo mwaka inaweza kugeuza mwelekeo mzima wa mchoro.

Shida ni kwamba "kilichobaki" hupimwa kwa fimbo, na fimbo ina mtego wake. Tanki nyingi za uani ni pipa kubwa lililolazwa. Chukua tanki la lita 20,000 lililolala hivyo. Mlinzi anatumbukiza fimbo asubuhi, anaona alama ya unyevu iko robo ya kimo, anaandika lita 5,000. Lakini tumbo la tanki lililolazwa ni jembamba chini na pana katikati. Robo ya kimo hubeba asilimia 19.6 tu ya ujazo, yaani lita 3,910 hivi. Lita 1,090 za daftari hazipo tankini, zimeshaungua, na kilo 2,900 za hewa ukaa zimeachwa nje ya mwaka. Moja ya kumi ya kimo ni mbaya zaidi: hubeba asilimia 5 na kidogo, nusu ya anachoandika mlinzi. Nusu kamili ya kimo ndiyo mahali ambapo fimbo na ujazo hukubaliana, na juu ya nusu kosa hugeuka upande wa pili.

Dawa yake ni chati ya tanki, ile ya sentimita kwa lita inayotolewa tanki linapopimwa. Kama imepotea, fundi anaweza kuitengeneza upya kwa kipenyo na urefu, mradi tanki halijainama. Piga fimbo asubuhi mapema kabla ya jua, isiwe mara tu baada ya lori la mafuta kushusha, na ipigwe na mtu yuleyule.

Kuna na habari ya joto. Dizeli hutanuka kwa karibu asilimia 0.08 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, ndiyo maana hati za ghala kubwa huonyesha lita mbili: za joto la siku hiyo na za joto la kawaida, nyuzi 15 au 20. Kati ya nyuzi 20 na 32 tofauti ni kama asilimia 1. Amua utatumia zipi na ubaki nazo, na kama hati inaonyesha densiti, geuza kuwa kilo na utumie 3.19, kwa sababu kilo hazijali jua. Ila kwa kampuni ambayo bado haina risiti za Zambia, kukaa kujadili nyuzi za joto ni kupoteza muda.

Jenereta inaonekana kula kuliko malori

Tazama kama lita zilipimwa au zilikokotolewa kwa saa. Wengi husoma kibao: jenereta ya kVA 100 kwa mzigo kamili hula takriban lita 22 kwa saa, wanazidisha kwa saa za mwaka. Lakini jenereta ya ofisi usiku inaendesha friji, taa za uzio na kamera, pengine robo ya mzigo, na hapo hula lita saba au nane. Makadirio yamezidi karibu mara tatu. Kama lazima ukadirie, pima wiki moja: jaza mpaka shingoni, soma saa kwenye mita ya jenereta, endesha kama kawaida, jaza tena mpaka palepale. Lita ulizoongeza, gawa kwa saa.

Halafu uliza dumu la jenereta linajazwa wapi. Likijazwa kutoka tanki la malori, lita zake zimeshahesabiwa kule.

Umeme wa jenereta ya mwenye jengo unaolipia kwenye kodi si fungu lako la kwanza. Mafuta ni yake. Wewe umenunua umeme, na hilo ni fungu la pili.

Gesi

Gesi ya mitungi hununuliwa kwa kilo, na kilo moja hutoa karibu kilo 3 za hewa ukaa (2.98). Ukizidisha kilo kwa kizidisho cha lita, ambacho ni 1.6 hivi, umepunguza jibu karibu nusu. Kosa jingine ni kupima mtungi wenyewe. Mtungi "wa kilo 15" una kilo 15 za gesi juu ya uzito wa chuma, ambao umegongwa kwenye mtungi. Kantini moja ikiandika uzito wa mizani, hesabu inabeba chuma.

Gesi asilia ni kesi nyingine. Viwanda vya Dar es Salaam vinavyopata gesi ya Songo Songo kwa bomba, pamoja na yeyote anayelipa kwa MMBtu (kipimo cha joto kwenye ankara za gesi), aulize ankara imeandikwa kwa thamani ya joto ya jumla au halisi. Ya jumla huhesabu pia joto lililomo kwenye mvuke unaotoka na moshi, na kwa gesi asilia huzidi ile halisi kwa karibu asilimia 10. Vizidisho vya IPCC ni vya thamani halisi: kilo 56.1 kwa gigajuli. Chukua MMBtu 1,000 za ankara ya thamani ya jumla: ukizitia moja kwa moja kwenye kizidisho hicho unapata tani 59, jibu sahihi ni tani 53. Kwa dizeli tofauti ya aina hii ni kama asilimia 5, na haijitokezi mpaka ufanye kazi kwa megajuli badala ya lita.

Kuni zimeharibu jumla

Viwanda vya chai vya Kericho na Mufindi hukausha majani kwa kuni za mikaratusi, na ukiingiza kuni kama dizeli, jumla hupaa: kilo ya kuni hutoa kilo 1.75 za hewa ukaa. Hewa ukaa hiyo huandikwa, lakini kwenye mstari wake pembeni, nje ya jumla ya mafungu. Methani na oksidi ya nitrojeni za kuni hizohizo hubaki ndani ya jumla. Kuwekwa pembeni hakumaanishi sifuri, na ripoti isiyotaja kuni kabisa ina kasoro kubwa kuliko ile iliyozihesabu vibaya. Angalia pia kama kuni zilipimwa mbichi, na kama "mita ya ujazo" ni ya rundo lenye mianya au ya mti wenyewe.

Watu wawili, lita zilezile, tofauti ya asilimia moja na nusu

Hakuna aliyekosea. Mmoja ametoa hewa ukaa tupu, mwingine ameongeza methani na oksidi ya nitrojeni za eksozi na kuzigeuza kuwa sawa na hewa ukaa. Kwa malori ya dizeli, vizidisho vya IPCC huongeza kiasi hichohicho, asilimia 1.5 hivi. Andika kwenye kichwa cha safu ni ipi kati ya hizo.

Mapengo ambayo hayazibiki

Risiti za mwezi mmoja zimeloa, dereva ameacha kazi, kituo kimefungwa. Chukua kilomita za lori hilo kwa mwezi ule, zidisha kwa wastani wa lita wa lori hilohilo kwenye miezi yenye kumbukumbu na njia ileile. Usichukue wastani wa kampuni nzima, na usichukue wastani wa kwenye mtandao. Tia rangi seli hizo, andika kando "makadirio" na namna ulivyokadiria, na chini ya jedwali onyesha ni asilimia ngapi ya lita zote zimekadiriwa. Ikiwa ni 3, mkaguzi atapita. Ikiwa ni 30, mpelekee mteja namba pamoja na asilimia hiyo kabla hajaiomba, na uagize daftari la mafuta la kila lori kuanzia mwezi huu: tarehe, kituo, lita, odomita, sahihi ya dereva.